Bibi aliitazama akasema, "Huyu nani?": jibu kwa msomaji wa Tanga

Swali: Nina picha ya harusi ya bibi na babu, ilipigwa studio hapa Tanga mwaka 1964, nyeusi na nyeupe. Babu ameshafariki, bibi yupo. Niliipitisha kwenye programu ya simu inayopaka rangi yenyewe. Bibi akatoka mweupe kama mtu mwingine, gauni likawa kahawia. Nilipomwonyesha alisema, "Huyu nani?" Sasa nimeweka GIMP, ile programu ya bure ya kuhariri picha, kwenye laptop. Nikipaka kwa brashi, mara rangi inatoka kijivu, mara inafunika uso kama plasta. Nifanyeje? Na rangi halisi ya gauni nitaijuaje?

Jibu: Dada, mfikishie bibi shikamoo yangu. Neno lake hilo ndiyo mizani ya kazi hii. Picha ikipakwa rangi halafu mwenyewe asijitambue, kazi bado, hata kama watu wote wa kwenye kundi la familia wameisifia.

Nianze na yaliyokukwamisha, maana dawa yake ni fupi. Rangi inatoka kijivu kwa sababu faili lako bado liko katika hali ya kijivu. Skana ikiambiwa kwamba picha ni nyeusi na nyeupe, huhifadhi faili lisilo na nafasi ya rangi, na brashi yoyote utakayoshika itatoa kijivu tu. Fungua menyu ya Image, ingia Mode, chagua RGB, yaani nyekundu, kijani na buluu. Kwa macho hutaona mabadiliko, lakini picha sasa itapokea rangi. Na uso unafunikwa kama plasta kwa sababu unapaka juu ya picha yenyewe. Picha ya chini usiiguse. Tengeneza leya mpya tupu juu yake, yaani kama karatasi angavu inayolazwa juu ya picha, kisha pale juu ya orodha ya leya palipoandikwa Normal, badilisha iwe LCh Color. Leya ya namna hii huchukua rangi tu kutoka kwenye brashi yako. Mikunjo ya kitambaa, kivuli cha kidevu, nukta ya mwanga ndani ya jicho, vyote vinaendelea kutoka kwenye picha ya 1964. Utakuta pia HSL Color na wengi huanza nayo. Mimi napendelea LCh kwa kuwa inatunza mwanga kama jicho linavyouona. HSL huifanya buluu iwe nzito na njano iwake kupita kiasi. Anayetumia Photoshop atatafuta Color basi.

Sasa tuje kwenye simu iliyomgeuza bibi. Haikukosea kwa bahati mbaya. Mwaka 2016 Richard Zhang na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha jinsi ya kuifundisha kompyuta kupaka rangi kwa kuipa zaidi ya picha milioni moja za rangi. Walieleza wazi tatizo lililokuwepo: kompyuta ikiambiwa ipunguze makosa, na kitu kikawa kinaweza kuwa chekundu, buluu au kijani, huchukua wastani wa vyote, na wastani wa rangi nyingi ni rangi iliyofifia, kitu cha kijivu au kahawia. Mbinu zimeendelea tangu hapo, lakini hulka hiyo unaiona bado kwenye programu nyingi za simu. Gauni la bibi likawa kahawia kwa sababu programu haikujua na haikuweza kukwambia kwamba haijui. Ngozi nayo huchaguliwa kwa mazoea ya picha ilizofundishiwa, na pale ambapo watu weusi walikuwa wachache, mtu mweusi anasogezwa kuelekea weupe. Karatasi ya miaka sitini iliyopauka inaongezea hapo hapo.

Jambo kubwa ninalotaka ulishike ni kwamba ndani ya ile picha hakuna rangi iliyojificha ikisubiri kufunuliwa. Filamu iliandika kiasi cha mwanga, rangi ikaitupa. Jaribu mwenyewe. Kompyuta inapogeuza picha ya rangi kuwa kijivu, mara nyingi hupima nyekundu kwa asilimia 30, kijani 59, buluu 11. Kila rangi huandikwa kwa namba kuanzia sifuri hadi 255. Nyekundu kali kabisa, 255 kwa upande wa nyekundu na sifuri kwingine, inatoka kijivu cha 76. Kijani cha 129, kama jani la mwembe lililokomaa, nacho kinatoka 76. Kijivu kilekile. Ukipewa hicho kijivu peke yake huna njia ya kujua kilitoka kwenye jani au kwenye damu. Kwa hiyo nusu ya kazi hii inafanyika kwenye laptop, na nusu nyingine inafanyika kwenye mkeka pamoja na bibi, na hiyo ya mkekani ndiyo yenye haraka.

Niliwahi kupaka picha ya wanandoa wa Pangani. Suti ya bwana nikaipaka buluu iliyokoza, maana ndivyo suti zilivyo, nikajiambia. Mama mwenyewe alipokuja kuichukua alikaa kimya, akaitazama muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye bega la mumewe. "Suti hii ilikuwa kijani cha chupa. Ya kuazima. Mwenyewe alisimama nje ya studio anaisubiri." Kijivu cha ile suti kilikuwa kinaikubali buluu na kijani sawasawa, na mimi sikuwa nimeuliza. Tangu siku ile sishiki brashi kabla ya kuuliza.

Kuuliza kwenyewe kuna utaratibu. Usimwonyeshe bibi tena ile picha ya simu, na ifute kwenye simu za watu kama unaweza, kwa sababu rangi ya uongo ikishaonekana mara kadhaa huingia kwenye kumbukumbu na kukaa kama ya kweli. Mpe ile ya karatasi. Usimuulize, "Gauni lilikuwa la waridi?" maana atakwambia ndiyo ili akuridhishe. Muulize kitambaa kilinunuliwa duka gani, nani alishona, kilibaki kipande, kilishonewa nini baadaye. Rangi itakuja yenyewe ndani ya hadithi: "Kile kipande nikamshonea mama yako kigauni, kile cha njano." Hapo umepata shahidi. Kisha mletee mifano, vipande vya vitambaa au khanga za ndani, achague kwa mkono, mchana, karibu na mlango. Taa za umeme hudanganya rangi, na kama ana mtoto wa jicho, ujue mtoto wa jicho huyafanya macho yaone mambo kwa umanjano. Nyeupe anaweza kuiita samli, na samawati akaiona kama kijani. Wahusishe na ndugu zake wa rika lake kama wapo, kila mmoja kwa wakati wake, wasisikilizane.

Kijivu nacho kitakusaidia, ila kwa kukataa tu. Bibi akisema gauni lilikuwa damu ya mzee, na kwenye picha linang'aa karibu na nyeupe, basi kuna kitu hakijakaa sawa. Huenda anakumbuka gauni la siku ya pili. Akisema waridi hafifu na kijivu kinaruhusu, bado hujathibitisha, umepata ruhusa tu ya kumwamini. Na mimi ningemwamini.

Ukija kushughulikia picha za zamani zaidi, jihadhari hata na huko kukataa. Sahani za kioo zilizotumika kupigia picha na filamu za mwanzo hazikuwa zinaiona nyekundu kabisa. Kwenye picha nyingi za enzi ya Wajerumani, ukanda mwekundu wa bendera yao unatoka mweusi karibu sawa na ukanda mweusi wenyewe, na mbingu ya buluu inatoka nyeupe tupu bila wingu. Nyuso za askari wetu zimekuwa nyeusi kuliko walivyokuwa, kwa kuwa ngozi yetu ina wekundu mwingi ambao sahani haikuuona. Picha yako ya 1964 ina nafasi kubwa ya kuwa ilipigwa kwa filamu inayoona rangi zote, kwa hiyo kijivu chake kinaaminika kiasi.

Kabla ya rangi, ipate picha vizuri. Kama imenata kwenye kioo cha fremu, usiibandue, ipige au iskani humo humo. Iskani kwa rangi ingawa ni nyeusi na nyeupe, nukta 600 kwa inchi kwa picha ya ukubwa wa kadi ya posta, na hifadhi kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Kuskani kwa rangi kuna faida moja ambayo wengi hawaijui: madoa ya njano ya uzee hukaa zaidi upande wa buluu na karibu hayaonekani upande wa nyekundu. Ingia Colors, kisha Components, kisha Extract Component, uchague RGB Red, na utaona madoa mengi yakiyeyuka yenyewe. Mikwaruzo inayobaki itibu kwa kifaa cha Heal, polepole. Mwisho, kwenye Levels, shusha kidogo kikomo cha weupe cha kutoka, kutoka 255 hadi kama 240. Sehemu iliyoungua kuwa nyeupe tupu haishiki rangi inavyopaswa, na paji la uso likibaki jeupe tupu utalaumu rangi bure.

Uso sasa. Hapa ndipo pa kukaa.

Usichague "rangi ya ngozi" moja ukaipaka kote. Ngozi ya mtu haina rangi moja. Mtazame mama yako akiwa amekaa barazani mchana. Chini ya taya na pembeni mwa pua kuna wekundu wa kahawia uliokoza. Mashavuni rangi ni ya joto zaidi, na pale paji linapong'aa rangi inapungua kabisa, kinachobaki ni mwanga wa mbingu. Ngozi nyeusi inaonyesha tofauti hizi kuliko ngozi nyeupe, na ndiyo maana rangi moja tupu inamfanya mtu wetu aonekane amechongwa kwa mpingo au amepakwa matope. Basi mpige picha mama au shangazi, yeyote ambaye familia inasema amechukua rangi ya bibi, awe mweusi wa kung'aa au maji ya kunde. Akae kivulini, bila flashi, na zima vipodozi vyote vya kamera ya simu. Ifungue picha hiyo pembeni. Kwa kifaa cha kuchotea rangi, kikiwa kwenye wastani wa pikseli nyingi, chota rangi ya chini ya taya iwe rangi yako ya mbele. Chota ya paji, si pale panapong'aa bali pembeni yake, iwe rangi ya nyuma.

Rudi kwenye picha ya harusi. Nakili leya ya picha yenyewe, nenda Colors, Map, Gradient Map, na mpito uliochaguliwa uwe ule wa kutoka rangi ya mbele kwenda ya nyuma. Leya yote itageuka: penye giza patachukua rangi ya taya, penye mwanga patachukua rangi ya paji, na katikati vitachanganyika. Iweke leya hiyo kwenye LCh Color, ipe maski nyeusi, nayo itatoweka. Maski ni kama pazia la leya: palipo peusi panaficha, palipo peupe panaonyesha. Kisha kwa brashi laini nyeupe paka kwenye maski uso, shingo, mikono. Ngozi inarudi mahali pake kidogo kidogo, na ukikosea unapaka nyeusi inafutika. Babu mpe leya yake peke yake. Watu wawili hawana ngozi moja, na kuwapaka rangi moja ni kosa ninaloliona kila siku kwenye picha za harusi.

Juu ya hiyo ongeza leya ya damu, ndivyo ninavyoiita. Wekundu hafifu, uzito (Opacity) wa asilimia 10 hadi 15, kwenye mashavu, ncha ya pua, masikio, mdomo wa chini na vifundo vya vidole. Mdomo wa juu kwa wengi wetu ni wa kahawia kuliko wa chini, usiipake midomo yote rangi moja. Weupe wa jicho usiupake weupe, uache na kijivu chake na tone dogo la umanjano. Nywele nazo si nyeusi tupu, upande unaopokea mwanga una joto kidogo. Mikono ya bi harusi itazame kwa karibu: kama kuna maua, muulize bibi ni hina au piko, kwa sababu kwenye picha vyote ni vyeusi, ila hina ilikuwa na wekundu wake na piko haikuwa nao.

Ukifika mwisho, lainisha maski kwa Gaussian Blur ya pikseli mbili au tatu. Usiogope rangi kuvuka mpaka kidogo. Jicho la binadamu ni kali kwa mwanga lakini ni zembe kwa rangi, hata faili za JPEG zinapunguza ukubwa kwa kutumia udhaifu huo huo. Mpaka wa rangi uliokatwa kama kwa wembe ndio unaoonekana bandia.

Vitu vilivyobaki ni vyepesi. Kila kimoja kwenye leya yake, leya nzima ijaze rangi, maski nyeusi, kisha paka. Kama begani kwa bibi au magotini kuna khanga, itazame mapambo yake kabla ya kuuliza, kwa sababu ikiwa ni kisutu, ile inayopewa maharusi huku pwani, huhitaji shahidi: ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kanzu ya babu ikiwa ipo, usiiache nyeupe ya karatasi. Mikunjo yake ipe ubaridi kidogo, na darizi muulize bibi kama ilikuwa nyeupe au ya dhahabu. Dhahabu ya masikioni ina njano katikati tu, kivuli chake ni kahawia ya chungwa na pale inapometa haina rangi.

Pazia la nyuma, lile lenye nguzo au bustani iliyochorwa, watu hukimbilia kulipaka mbingu ya buluu na majani ya kijani. Mimi huliacha. Mapazia mengi ya studio za nyeusi na nyeupe yalichorwa kwa kijivu, nyeusi na nyeupe, maana mchoraji alijua kamera haitaiona rangi. Lipe joto kidogo sana, asilimia 5, lisionekane limekufa pembeni ya watu walio hai. Angalia pia karatasi yenyewe kwa kioo cha kukuzia: studio za zamani zilikuwa na mafundi wa kupaka rangi nyepesi za mafuta kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, midomo na mashavu tu. Ukikuta alama hizo, zihifadhi, hizo ni kazi ya fundi wa 1964.

Kuna kitufe kimoja ningekuomba usikiguse, kile cha "kuboresha uso" kwenye programu za simu. Hakisafishi, kinachora upya: kope ambazo hazikuwepo, meno yaliyopangwa, pua iliyonyooshwa. Mwezi Aprili 2021 zilichapishwa mtandaoni picha za rangi za wafungwa wa gereza la Tuol Sleng, Kambodia, watu waliopigwa picha kabla ya kuuawa na utawala wa Khmer Rouge, na baadhi ya nyuso zilikuwa zimebadilishwa zikapewa tabasamu. Wizara ya utamaduni ya Kambodia ililaani, zikaondolewa. Harusi ya bibi si msiba, lakini kama siku ile hakutabasamu, huenda alikuwa na sababu yake, na ni yake.

Ukidhani umemaliza, zima laptop ulale. Asubuhi fungua, na karibu kila mara utaona umetia rangi nyingi. Punguza uzito wa kila leya kwa kiasi cha moja ya tano. Hifadhi faili la XCF, la GIMP yenyewe, lenye leya zote, toa TIFF ya kuchapisha, na ile skani ya kwanza isiyo na rangi iweke mahali pawili tofauti. Ndani ya folda andika karatasi fupi: gauni: bibi amesema; khanga: kisutu, inajulikana; suti: nimekisia; maua: nimekisia. Wajukuu zako wasije wakasema suti ya babu ilikuwa buluu kwa sababu wewe ulipenda buluu. Ndugu wakiitaka kwa WhatsApp, itume kama hati, ukiituma kama picha itabanwa na ngozi itaingia mabaka.

Lakini kabla ya kuituma kwa yeyote, mpelekee bibi laptop yenyewe, mchana, barazani. Kwa kuwa gauni liko kwenye leya yake, fungua Hue-Chroma mbele yake usogeze taratibu, kutoka samli kwenda njano, kutoka njano kwenda waridi, mpaka akushike mkono aseme hapo hapo.